Vali ya Kona ya Kanisa

Siku yangu ya mwisho kazini mliniomba niseme maneno mawili matatu juu ya mipango ya muda mrefu, nami nikasimama mbele ya keki nikalia. Wanjiru akanipa tishu, mkapiga makofi, tukala. Tangu siku hiyo najilaumu, kwa sababu nilikuwa na jambo la kuwaambia na sikulisema. Sasa niko nyumbani, hakuna simu ya ofisi ya kunikimbiza, kwa hivyo naliandika. Mkiona ni refu, lisomeni kidogo kidogo mkingoja chai ya saa nne, ambayo najua bado inachelewa.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili, na faili iko kwenye lile kabati lisilofunguka. Nitawaambia juu ya vali moja ya bomba la maji, ile ya kona ya kanisa pale Mawe Mbili, na nilichoifanyia nikiwa msichana mwenye haraka. Wengine wenu mmesikia nusu ya habari hii kwa madereva. Nusu hiyo ina chumvi nyingi.

Nilipoajiriwa nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kuchora ramani. Baba yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka kifua kikaharibika, na kwake yeye binti wa kuketi mezani na penseli alikuwa amefika. Alininunulia viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Nilifika navyo asubuhi na mapema, nikaonyeshwa meza kubwa ya kuchorea iliyokuwa karibu na dirisha, nikaifuta vumbi kwa leso yangu. Kabla sijaketi, mtu mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka akasimama mlangoni akatazama miguu yangu.

"Wewe ndio wa ramani?"

"Ndio, mzee."

"Unaitwa nani?"

"Nafula."

"Wa mvua," akasema, kwa sababu kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. "Sasa Nafula wa mvua, hizo viatu wekea siku ya harusi. Store kuna gumboots. Huwezi kuchora paipu hujakanyaga juu yake."

Huyo alikuwa Mzee Barasa, fundi mkuu wa mabomba. Gumboots zenyewe zilikuwa za mwanamume, nikazijaza magazeti mbele ili zisinivuke. Kwa miezi mitatu sikuigusa penseli. Tulitembea. Tulitoka miteremko ya Menengai tukashuka mpaka karibu na ziwa, yeye mbele, mimi nyuma, na kila baada ya hatua kadhaa alikuwa akisimama na kusema, "Hapa chini yako kuna ya inchi sita," au, "Hapa kuna joint mbaya, ilipigwa viraka na mlevi." Hakuwa na karatasi hata moja. Jioni nilikuwa naloweka miguu kwenye beseni na mama ananicheka.

Alinifundisha kusikiliza. Nyinyi mna vifaa vya kuvaa masikioni vyenye taa za kijani, na ni vizuri, sivionei wivu. Sisi tulikuwa na fimbo ya chuma, urefu wa mtu, ncha moja unaiweka juu ya bomba au vali, ncha nyingine unaiegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Udongo wetu wa Nakuru ni majivu ya volkano. Bomba likipasuka chini, maji hayapandi juu kukuambia. Yanazama huko huko, na wewe unapita pakavu ukilalamika kwamba mji hauna maji. Ndiyo maana fimbo. Siku ya kwanza nilisikia kelele tupu, lori, kuku, na moyo wangu mwenyewe.

"Usisikize yenye iko na nguvu," Barasa akaniambia. "Sikiza yenye haiishi. Lori itapita, mama akifunga tap itanyamaza. Leak ndio hainyamazi."

Ilinichukua wiki mbili kuisikia. Nilipoisikia niliruka, nikamwangushia fimbo mguuni. Alichechemea siku nzima akitabasamu, na jioni akanipikia chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mafundi waliniambia halijawahi kutokea.

Kulikuwa na desturi yake nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu. Kwa Barasa, vali haikuguswa na mtu mmoja. Mmoja alizungusha kwa ule ufunguo mrefu, mwingine alisimama kando akihesabu mizunguko kwa sauti, hata kama wapita njia wanacheka. Mkimaliza, aliyehesabu alimuuliza mwenzake, "Umeiacha aje?" na mwenzake alipaswa kujibu lote: wazi au imefungwa, mizunguko mingapi, kulia au kushoto. Kisha yule aliyezungusha aliyaandika maneno hayo kwa msumari kwenye kipande cha bati, akaweka na jina lake, akakifunga kwa waya kwenye shina la vali. Ilikuwa inachosha. Mvua ilikuwa inatunyeshea tukikwaruza bati. Nilimuuliza siku moja kama hatuwezi kuandika ofisini.

"Ofisi inaweza kuungua," akasema. "Na mimi naweza kufa. Kijana mwenye atakuja kufungua hii vali, ataongea na nani?"

Mwaka wangu wa pili Barasa alikwenda kwao Bungoma kumzika mama yake. Alipokuwa huko, bomba kubwa likapasuka chini kidogo ya Mawe Mbili. Siku hizo Mawe Mbili ilikuwa nyumba chache na mahindi mengi, zamani ilikuwa sehemu ya shamba la mlowezi. Mafundi wote walikuwa ndani ya mtaro, maji yamewafika magotini, na mmoja akapaza sauti kwamba mtu apande juu akafunge vali ya kona ya kanisa. Nikasema nitaenda mimi. Nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Sikungoja mtu wa kuhesabu.

Nilifunua mfuniko, nikaingiza ufunguo, nikazungusha kulia, kwa sababu vali zote nilizowahi kuziona zilifunga kulia. Ikakataa. Nikadhani mtu ameshaifunga kabla yangu. Nikarudi, maji yakawa bado yanakuja, tukadhani vali imelika, wakafunga nyingine iliyo chini yake, bomba likatengenezwa. Mchana nikapanda tena kuifungua ile ya kanisani. Nikazungusha kushoto. Ikaja vizuri sana, polepole, mizunguko kumi na minne, mpaka ikagonga mwisho. Nikaandika kwenye bati kwa herufi zangu nzuri za chuoni: WAZI, 14, NAFULA. Upande sikuuandika, niliona ni jambo la wazi kwa kila mtu.

Vali ile ilikuwa ya shamba la mlowezi, na ilikuwa imetengenezwa kinyume. Ilifunga kushoto. Kulia ilikataa kwa sababu ilikuwa wazi tayari, nami nilipodhani naifungua nilikuwa naifunga. Kulikuwa na chache za aina hiyo mjini na Barasa alizijua zote, ila hatukuwa tumefika kwenye somo hilo.

Aliporudi kutoka matangani, amekonda, aliniita.

"Nimesikia ulishughulikia kona ya kanisa. Umeiacha aje?"

"Wazi, mzee. Kumi na nne."

Akaitikia kwa kichwa akaendelea na kazi. Hakuniuliza kulia au kushoto. Nadhani alikuwa bado makaburini kwa mawazo, na nadhani pia aliniamini. Nilifurahi sana kuaminiwa.

Hakuna aliyelalamika. Lango la vali lilikuwa limelika kwa uzee, likawa linapitisha maji kidogo, na zile nyumba chache zilikuwa na matangi ya mvua. Mwaka uliofuata greda likapita kulima barabara, mfuniko ukafukiwa na changarawe. Nami nikarudi kwenye meza yangu ya kuchorea, nikaanza kuchora ramani ya mji mzima, na pale kona ya kanisa nikaweka alama ndogo ya vali na neno "wazi". Ramani hiyo ndiyo mliyoiingiza kwenye kompyuta.

Miaka ikaenda. Mashamba ya Mawe Mbili yakakatwa vipande, watu wakajenga, wengi wao wakitoka Salgaa na Molo na kwingineko wakitafuta mahali pa kutulia. Maji yakawa yanatoka asubuhi mbili kwa wiki, uzi mwembamba, kisha hayatoki kabisa. Punda wa maji wakaanza kupanda kile kilima. Na sisi ofisini tukawa na jibu: Mawe Mbili ni juu, maji hayapandi. Nimelisema jibu hilo kwenye baraza za chifu sijui mara ngapi. Nililisema kwa upole, na kielekezi mkononi.

Mtu ambaye hakuwahi kulikubali ni Mama Chebet. Alikuja Mawe Mbili akiwa bibi arusi, akafungua kibanda cha mboga, na kila baraza aliketi safu ya mbele na kitabu chake cha mazoezi. "Madam, mnatupanga tu," alikuwa akiniambia. "Mwaka jana mlitupanga, hii mwaka mnatupanga. Mimi nabeba." Alibeba kutoka bomba la chini, lile la karibu na posho mill ya kusagia unga, ambalo lilipata maji kwa njia nyingine, mtungi wa lita ishirini mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alibeba akiwa na mimba za watoto wanne. Nilimheshimu na nilimwogopa, na nikimwona sokoni nilikuwa nabadilisha njia.

Barasa alistaafu. Alinunua kipande cha shamba huko Kabazi, akapanda kabichi na nyanya. Siku ya kuondoka alinipa fimbo yake ya kusikilizia, aliiegemeza tu kwenye meza yangu akatoka.

Mimi nikawa mtu wa mipango. Nilikuta mipango mkakati miwili iliyonitangulia. Mmoja ulikuwa umepotea na mwingine ulikuwa unazuia mlango wa bodi usijifunge kwa upepo, kazi ambayo uliifanya vizuri. Niliposoma huo wa mlangoni niliona shida yake. Ulikuwa orodha ya vitu vipya: chanzo kipya, tangi jipya, pampu mpya. Hakuna aliyeuliza maji tuliyo nayo yanakwenda wapi. Nikaapa wa kwangu, wa miaka ishirini, utaanzia chini ya miguu yetu. Tukapima mita kubwa, tukatembea na fimbo, tukaziba. Nilijivuna kwa kazi hiyo. Na bado, chini ya kichwa "Mawe Mbili", niliandika kile kile ambacho kila mtu angeandika: kuchimba kisima kirefu, kipaumbele cha kwanza. Tulikuwa na wiki mbili kabla ya kwenda kwa bodi, na mimi nilikuwa na miezi michache kabla ya kustaafu. Kisima hicho nilikitaka kiwe zawadi yangu kwa Mama Chebet.

Tukaenda kuwaambia wananchi. Nilieleza, nikaonyesha picha ya mtambo wa kuchimba. Watu wakapiga makofi. Mama Chebet akasimama, hakupiga.

"Madam, kuja karibu."

Nikaenda. Akafungua kinywa mbele ya watu wote akanionyesha meno. Yalikuwa ya kahawia, yamemomonyoka ncha.

"Hii si uchafu. Nilizaliwa kwa shamba ya borehole. Sisi wote kwetu tuko hivi, hata dada yangu akicheka anaziba mdomo. Sasa mimi nimebeba maji ya river ndio watoto wangu wawe na meno nyeupe, na wewe unaniletea borehole mpaka kwa mlango?"

Maji ya ardhini ya bonde letu yana floraidi inayoharibu meno, mnajua. Mimi pia nilijua. Niliandika kwenye mpango kwamba tutachanganya na maji mengine, lakini maji hayo mengine ndiyo hayakuwa yakifika huko. Nilirudi kwenye gari nikaikunja ile picha ya mtambo.

Njiani Wanjiru ndiye aliyeanza kuongea. Kwa msio naye karibu, Wanjiru ni yule injinia mdogo wa ramani za kompyuta, mwenye nywele fupi, asiyejua kusema jambo kwa kuzunguka. Alikuwa ameshika tablet yake magotini.

"Madam, usikasirike. Hii kitu inanisumbua tangu last week. Tank yetu iko juu ya Mawe Mbili. Si mbali sana, lakini iko juu. Kwa model maji inafika. Inafika na presha poa kabisa."

"Model haijui kile kilima, Wanjiru."

"Kilima nimeweka. Hesabu inakataa, Madam. Ama kuna leak kubwa, ama kuna kitu imefungwa. Na kwa ramani yako kila kitu iko wazi."

Nilimkemea kidogo. Kisha nikakaa na jambo hilo Jumamosi nzima, nikifua nguo, na Jumatatu nikamwambia tuende Kabazi.

Tulimkuta Mzee Barasa kwenye kabichi zake, amevaa koti kwenye jua. Masikio yalikuwa yamekwisha. Yule mtu aliyesikia tone la maji futi nne chini ya lami, sasa ilibidi umpigie kelele mpaka jirani achungulie. Alinishika mikono yote miwili akaniangalia muda mrefu. Nilipomtajia Mawe Mbili, hakufikiri hata kidogo.

"Kuna vali kona ya kanisa. Mliangalia?"

"Iko wazi, mzee!" nikapaza sauti.

"Kulia ama kushoto?"

Nikazungusha mkono hewani, nikijaribu kukumbuka.

"Hiyo ni ya mzungu," akasema. "Inafunga kwa kushoto. Sikukuambia?"

Nilikumbuka yote papo hapo, jinsi ilivyokataa kulia, jinsi ilivyokuja vizuri kushoto. Niliketi kwenye mfereji kati ya kabichi. Wanjiru akadhani nimeugua. Nilimwambia mzee angoje, tutamletea habari, lakini alikuwa ameshaingia ndani kuvaa viatu, na usiku huo akalala kwangu mjini.

Tulichimba siku iliyofuata asubuhi, vibarua wawili na sururu. Watu wa Mawe Mbili walikusanyika, kwa sababu ukichimba shimo Nakuru hukosi watazamaji. Mama Chebet alifunga kibanda akaja. Mfuniko ulikuwa chini ya changarawe kiasi cha mkono. Walipouinua, kipande changu cha bati kilikuwa bado pale, waya umeshika kutu lakini umekaza. Wanjiru akashuka, akakifuta kwa kidole. Nikaona herufi zangu za chuoni. Sijawahi kuona kitu nilichokichukia hivyo.

Wanjiru alikisoma. Akaniangalia. Akanipa mkononi. Ningeweza kukitia mfukoni, na nawaambia ukweli, mfuko ulikuwa umeshafunguka.

Barasa alikuwa amesimama begani mwangu. Alikisoma pia. Kwa kuwa hakusikia sauti yake mwenyewe, alidhani ananong'ona, na nusu ya umati ikasikia.

"Nafula, sema ni mimi. Mimi nilikuwa fundi mkuu. Mimi sikukuuliza upande. Nishastaafu, watanifanya nini?"

Nililia hapo hapo, mama mzima mwenye beji shingoni. Nilimpenda mzee yule siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwambia. Nikamshika mkono, nikamgeukia Mama Chebet, nikampa kile kibati.

"Mama Chebet, hii vali ni mimi niliifunga. Nilidhani naifungua. Hilo jina ni langu. Kilima hakina makosa."

Alikisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu. Alihesabu kitu kwa vidole, nadhani miaka, au watoto.

"Fungua kwanza," akasema. "Tutaongea baadaye."

Wanjiru akashika ufunguo. Mimi nikahesabu kwa sauti. Mizunguko mitatu ya kwanza ilitoa mlio wa kutu, wa nne ukalainika. Barasa aliomba fimbo, ile yake, ambayo nilikuwa nimeibeba bila kujua kwa nini. Aliiweka juu ya vali, na badala ya kuiegemeza sikioni, akauma ncha ya juu kwa meno, mlio umpitie kwenye mfupa. Akafumba macho. Nilipofika saba, akainua kidole kimoja. Nilipofika kumi na nne, alikuwa anatabasamu na chuma mdomoni, machozi yanamtoka.

"Inaenda," akasema. "Inaenda yote."

Hewa ilitangulia. Tulisikia mabomba ya nyumba zote yakikohoa, kisha mtoto fulani akapiga kelele kule juu, kisha wengine. Umati ukatuacha na shimo letu. Mama Chebet peke yake hakukimbia.

"Madam, sitaki pole," akaniambia. "Kesho saa moja asubuhi kuja kwa posho mill. Kuja na viatu ya kutembea."

Nilikwenda. Alikuwa ananingoja na mtungi wa lita ishirini na kamba. Akaujaza kwenye bomba la chini, akanifunga mgongoni, akanirekebishia kamba kwenye paji la uso kwa upole, kama anayemvisha mtoto wa shule. Tukapanda. Hakunisaidia na hakuniharakisha. Alinionyesha njiani: hapa ndipo huwa napumzika, hapa niliteleza nikiwa na mimba ya Chebet, hapa maji ya mtungi yalimwagika nikarudi tena. Shingo yangu iliwaka moto. Nilipumzika mara nyingi kuliko yeye. Tulipofika kwake, akanifungua kamba, akaubeba mtungi ule mpaka kwenye bustani yake ya sukuma wiki, akaumwaga wote. Kisha akafungua bomba la ukutani, maji yakatoka kwa nguvu, akajaza sufuria, akaweka jikoni.

"Sasa umefika," akasema. "Ketia hapo, tukunywe chai. Halafu uende uandike mpango yako."

Tulikunywa chai vikombe viwili viwili. Akacheka mara moja, kwa jambo nililosema juu ya punda, na hakuziba mdomo.

Kisima kikatoka kwenye mpango. Mahali pake niliandika sura mpya, ambayo sasa ndiyo ya kwanza: kabla ya kutafuta maji mengine, kila vali ya mji ifunuliwe, izungushwe na watu wawili, ihesabiwe kwa sauti, na upande wake uandikwe. Chini yake nikaeleza kwa nini, nikaandika jina langu. Mmoja wa bodi alisema kwamba aya hiyo haifai kwenye hati ya mkakati. Nikamwambia anionyeshe inakofaa, niipeleke. Ilibaki. Mpaka naondoka tulikuwa tumepata vali nyingine tatu za kushoto, na moja ilikuwa imefungwa. Jina lililokuwa kwenye bati la hiyo halikuwa langu, nami sitalitaja.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia mbele ya keki. Mtapanga miaka ishirini, na mtakuwa na kompyuta nzuri kuliko zetu. Nendeni wawili wawili. Aliyesimama kando aulize, na akishajibiwa aulize upande. Wanjiru, fimbo niliyokuachia usiitundike ukutani.

Wiki iliyopita nilikwenda Kabazi kumwambia Mzee Barasa kwamba nami nimestaafu. Haoni vizuri tena. Alinipapasa uso mpaka akanijua. Nilimpigia kelele habari za ofisi, sijui alizipata ngapi. Mwishowe akaniuliza.

"Ile ya kona ya kanisa. Umeiacha aje?"

"Wazi, mzee! Kumi na nne, kulia!"

Jirani akachungulia juu ya ua. Barasa akaweka mkono nyuma ya sikio, akasema hajasikia, nami niliona kabisa kwamba amesikia. Nikavuta pumzi nikamwambia tena.